Kumbukumbu ya kinga ya asili

Kumbukumbu ya kinga ya asili (huitwa pia kinga iliyofunzwa) ni uwezo wa seli za kinga ambayo binadamu huzaliwa nayo kubadilika baada ya kukutana na kijidudu au chanjo, hata zikapambana kwa nguvu zaidi na vijidudu vinavyokuja baadaye, vikiwemo vya aina tofauti kabisa na kile cha kwanza. Mabadiliko hayo hayagusi mpangilio wa DNA. Yanatokana na mambo mawili yanayoshikana: umetaboli, yaani jinsi seli inavyotumia chakula chake, na epijenetiki, yaani alama za kikemia zinazowekwa juu ya DNA na juu ya protini zinazoizunguka.

Mfano unaojulikana zaidi ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Nchini Tanzania mtoto huchanjwa BCG mara baada ya kuzaliwa, kwenye bega la kulia, na kwa kawaida hubaki na kovu dogo. Watafiti waliofuatilia watoto waliochanjwa, hasa Guinea-Bissau na Uganda, waliona kwamba chanjo hiyo huwapunguzia wachanga maradhi yasiyohusiana na kifua kikuu. Kwa sababu hiyo siku ambayo mtoto anachanjwa imekuwa suala la kitabibu, hasa katika maeneo ya vijijini kama kata ya Ziba, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, ambako si kila mtoto huzaliwa karibu na kituo cha afya.

Kinga mbili na kumbukumbu mbili

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wa wakati ule waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Ndui ilisafiri pamoja na wapagazi, na Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika jinsi ugonjwa huo ulivyoiteketeza misafara. Popote ndui ilipopita watu waligundua jambo moja: aliyeugua akapona hakuugua tena. Lakini kupona ndui hakukumkinga mtu huyo dhidi ya kuhara damu wala homa.

Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kinga inayofundishwa shuleni. Ni kazi ya limfositi za aina ya B na T. Kila moja humtambua adui mmoja tu, huongezeka idadi anapoingia, na baadhi yake hubaki mwilini kwa miaka mingi zikimngoja arudi. Antibodi hutokana na limfositi B. Mfumo huu huitwa kinga inayopatikana, kwa kuwa mtu huupata kadiri anavyokutana na maradhi.

Upande wa pili kuna kinga ya asili. Wahusika wake ni makrofaji zinazomeza vijidudu, monositi zinazozunguka katika damu na kugeuka kuwa makrofaji zinapoingia kwenye nyama za mwili, neutrofili, pamoja na limfositi ziitwazo seli NK. Hizi hufika kwanza, ndani ya dakika au saa chache, wala hazichagui sana: hutambua alama za jumla zinazopatikana kwa bakteria wengi au fungi wengi. Vitabu vya karne ya 20 vilieleza kwamba seli hizi hazina kumbukumbu, na kwamba kila vita kwao ni ya kwanza. Sehemu hiyo ya vitabu ndiyo iliyolazimika kuandikwa upya.

Dalili kwamba mambo hayako hivyo zilikuwepo tangu zamani. Mimea na wadudu hawana limfositi wala antibodi, lakini mmea ulioshambuliwa mara moja huweza kuhimili shambulio la pili vizuri zaidi. Kama viumbe hao wanakumbuka bila limfositi, ilikuwa haki kuuliza kama makrofaji ya binadamu nayo inaweza.

Historia ya utafiti

BCG ilitengenezwa nchini Ufaransa na Albert Calmette na Camille Guérin, waliootesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe mara kwa mara katika maabara ya Lille kuanzia mwaka 1908 hadi wakapoteza makali yao. Binadamu wa kwanza alipewa mwaka 1921. Miaka michache baadaye daktari Carl Näslund wa Uswidi aliona kwamba watoto waliopewa BCG kaskazini mwa nchi hiyo walikufa kwa uchache kuliko wasiopewa, na tofauti ilikuwa kubwa mno kuelezwa na kifua kikuu peke yake. Jambo hilo halikufuatiliwa kwa muda mrefu.

Katika miaka ya 1960 George Mackaness alionyesha kwamba panya waliopewa BCG waliweza kumhimili bakteria mwingine kabisa, Listeria, kwa sababu makrofaji zao zilikuwa kali zaidi. Kuanzia mwaka 1978 Peter Aaby na wenzake wa Mradi wa Afya wa Bandim, Guinea-Bissau, walianza kuandikisha watoto wa mitaa ya Bissau na kufuatilia nani anachanjwa, lini, na nani anafariki. Katika majaribio yao kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, wale waliopewa BCG mapema walikufa kwa uchache katika mwezi wa kwanza. Majaribio matatu yalipojumlishwa, vifo vya mwezi huo vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 38.

Takwimu za vifo hazielezi kinachotokea ndani ya seli. Maelezo yalianza kupatikana Nijmegen, Uholanzi, katika kundi la Mihai Netea wa Chuo Kikuu cha Radboud. Mwaka 2011 Netea, Jessica Quintin na Jos van der Meer walipendekeza jina la "kinga iliyofunzwa". Mwaka uliofuata kundi hilo lilichapisha jaribio ambalo bado ni msingi wa somo lote. Watu wazima wenye afya walichanjwa BCG, kisha monositi zao zikachukuliwa na kuchokozwa maabarani kwa vijidudu visivyohusiana na kifua kikuu: bakteria Staphylococcus aureus na fungi Candida albicans. Monositi hizo zilitoa saitokini, yaani protini za kuita msaada, kwa wingi kuliko kabla ya chanjo, na hali hiyo iliendelea kwa miezi 3. Ili kuhakikisha kwamba limfositi hazihusiki, BCG ilitolewa pia kwa panya wasio na limfositi B wala T. Hata hao walipata kinga dhidi ya Candida.

Kundi lilipochunguza DNA ya monositi zilizofunzwa halikukuta mabadiliko ya jeni. Lilikuta alama zimeongezeka karibu na jeni za saitokini.

Umetaboli: chakula cha seli

Monositi iliyotulia hutumia glukosi kwa namna ya kubana matumizi. Glukosi huvunjwa kwanza nje ya mitokondria kwa hatua ziitwazo glikolisi, kisha mabaki huingia ndani ya mitokondria na kuunguzwa kwa oksijeni. Molekuli moja ya glukosi hutoa nishati nyingi kwa njia hii.

Mwaka 2014 Shih-Chin Cheng na wenzake walionyesha kwamba seli iliyofunzwa huacha ubanaji huo. Walitumia beta-glukani, sukari ngumu iliyomo katika ukuta wa seli za fungi, ambayo hufunza monositi kama BCG inavyofanya. Beta-glukani hushikwa na kipokezi kiitwacho dektini-1 kwenye ngozi ya seli. Kipokezi huamsha mnyororo wa protini unaopitia mTOR na kuishia kwenye HIF-1α. Na hiyo ya mwisho huwasha jeni za glikolisi. Seli huanza kula glukosi kwa pupa na kutoa asidi laktiki nje, ingawa oksijeni ipo ya kutosha. Nishati inayopatikana kwa kila molekuli ni kidogo, lakini hupatikana upesi, na mabaki ya njiani hutumika kujenga vitu vingine. Panya walioondolewa HIF-1α katika seli hizi hawakuweza kufunzwa.

Kutokana na hilo dawa zinazogusa umetaboli zinaweza kugusa kumbukumbu ya kinga. Metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari Afrika Mashariki, huzuia njia ya mTOR, na maabarani hupunguza ufunzaji wa monositi. Matokeo hayo ni ya maabara, wala si sababu ya mgonjwa kuacha dawa yake.

Glukosi si mafuta pekee ya safari hii. Seli iliyofunzwa hutumia pia glutamini, moja ya asidi amino, na kuiingiza katika mzunguko wa mitokondria. Hapo hutokea jambo ambalo liliwashangaza watafiti mwaka 2016: fumarati, moja ya vitu vya katikati ya mzunguko huo, hurundikana. Katika vitabu vya biokemia fumarati ni kituo cha kupita tu. Katika seli hizi ina kazi ya pili, inayoelezwa katika sehemu ifuatayo.

Njia ya tatu ni ile ya kutengeneza kolesteroli. Mwaka 2018 Siroon Bekkering na wenzake waligundua kwamba si kolesteroli yenyewe inayofunza seli bali mevalonati, kitu kinachotokea katikati ya utengenezaji wake. Ushahidi mzuri ulitoka kwa wagonjwa wa maradhi adimu ya kurithi, ambao hukosa kimeng'enya cha kuondoa mevalonati. Mevalonati huwajaa mwilini, na monositi zao zilionekana zimefunzwa bila chanjo yoyote. Watu hao hupata vipindi vya homa kali visivyotokana na ambukizo. Fluvastatini, dawa ya aina ya statini inayofunga njia hiyo, ilizuia ufunzaji maabarani.

Epijenetiki: alama zinazobaki

DNA ya kila seli ya binadamu, ikinyooshwa, ina urefu wa mita 2 hivi. Ili iingie katika kiini huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye vigurudumu. DNA pamoja na histoni zake huitwa kromatini. Mahali ambapo kromatini imekazwa, jeni haziwezi kusomwa. Mahali ambapo imelegea, zinasomwa kwa urahisi.

Kukazwa au kulegea huamuliwa na alama ndogo za kikemia kwenye mikia ya histoni. Alama tatu hutajwa mara nyingi katika somo hili. H3K4me3 ni vikundi vitatu vya methili kwenye histoni ya tatu, nao hukaa mwanzoni mwa jeni iliyo tayari kusomwa. H3K4me1 na H3K27ac hukaa kwenye sehemu za DNA zinazochochea jeni kutoka mbali. Mchokoo wa kwanza huongeza alama zote hizo. Ukiisha, H3K27ac hupungua, lakini sehemu ya alama za methili hubaki. Jeni ya saitokini hunyamaza kama zamani, ila sasa mlango wake umerudishwa bila kufungwa kwa komeo. Adui wa pili akija, jeni husomwa mapema na kwa wingi.

Hapa ndipo umetaboli na epijenetiki hukutana. Alama za kikemia hazitoki hewani. Hutengenezwa kutokana na chakula cha seli. Vikundi vya asetili hutoka kwenye asetili-CoA, inayozalishwa glukosi inapovunjwa. Seli inayokula glukosi kwa pupa inakuwa pia na malighafi ya kuweka alama. Kuhusu alama za methili, kuna vimeng'enya vya kuzifuta, navyo ndivyo vinavyoguswa na fumarati. Fumarati iliyorundikana huzuia kimeng'enya KDM5, ambacho kazi yake ni kuondoa methili kwenye H3K4. Mfutaji akizuiwa, maandishi hudumu. Fumarati peke yake, bila BCG wala beta-glukani, iliweza kufunza monositi katika maabara.

Swali moja lilibaki: vimeng'enya vinavyoandika alama vinajuaje jeni za kuandika kati ya maelfu yaliyomo katika kiini? Sehemu ya jibu ilitoka Afrika. Mwaka 2019 kundi la Musa Mhlanga, mwanasayansi wa Afrika Kusini, lilieleza kuhusu RNA ndefu isiyotengeneza protini, inayokaa jirani na kundi la jeni za mchochota (joto, wekundu na uvimbe unaotokea mwili unapopigana). Ndani ya kiini DNA hukunjwa hivi kwamba RNA hiyo inagusana na jeni hizo, na yenyewe hulileta tata la protini linaloandika H3K4me3 juu yake. Watafiti waliiita UMLILO, neno la Kizulu lenye maana ya "moto". Panya hawana RNA hiyo katika mahali panapolingana, na jeni zao hizo hazikufunzwa. Zilipowekewa UMLILO ya binadamu, zilifunzwa. Ni miongoni mwa majina machache katika biolojia ya molekuli yanayotoka katika lugha ya Kibantu.

Uboho

Monositi huishi katika damu kwa siku chache tu. Hata hivyo athari ya BCG ilionekana baada ya miezi 3, na kwa baadhi ya vipimo hadi mwaka mmoja. Seli iliyofunzwa imekwisha kufa. Ni nani basi anayekumbuka?

Jibu lilitolewa mwaka 2018 na makundi mawili katika toleo moja la jarida Cell. Katika panya, BCG ilifika ndani ya uboho wa mifupa na kubadilisha seli shina zinazozaa seli za damu; beta-glukani ilifanya vivyo hivyo. Seli shina zilielekea kuzaa zaidi upande wa monositi na neutrofili, na watoto wake walizaliwa tayari na mwelekeo wa kupambana. Mwaka 2020 dalili za mabadiliko kama hayo zilionekana katika uboho wa binadamu siku 90 baada ya BCG. Watafiti hutofautisha sasa kati ya ufunzaji wa pembeni, unaotokea kwa seli iliyokwisha kukomaa, na ufunzaji wa kati, unaotokea katika uboho.

BCG kwa watoto wachanga: jaribio la Entebbe

Guinea-Bissau ilitoa takwimu za vifo, Uholanzi ikatoa seli za watu wazima. Lililokosekana ni kupima yote mawili kwa pamoja kwa watoto wachanga wa Afrika. Kazi hiyo ilifanyika Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 2014, ikiongozwa na Sarah Prentice pamoja na watafiti wa kituo cha MRC/UVRI. Wachanga 560 waligawanywa kwa kura: nusu walichanjwa BCG siku ya kuzaliwa, nusu walisubiri hadi wiki 6. Madaktari waliowapima hawakujua nani yuko kundi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Katika wiki 6 za kwanza waliochanjwa mapema walipata vipindi 98 vya maradhi ya kuambukiza yasiyo kifua kikuu, na waliosubiri walipata 129. Baada ya kuzingatia muda wa ufuatiliaji, hatari ilipungua kwa takriban asilimia 29. Faida ilionekana zaidi kwa wavulana na kwa waliozaliwa na uzito mdogo. Kundi la pili nalo lilipochanjwa, tofauti ilitoweka, jambo linaloongeza nguvu ya hoja kwamba chanjo ndiyo iliyoleta tofauti.

Vipimo vya maabara havikuwa vyepesi kueleweka. Kama nadharia ya Nijmegen ingehamishwa moja kwa moja, H3K4me3 ingeongezeka kwa waliochanjwa. Ilikuwa kinyume. Kwa watoto wote alama kwenye jeni ya TNF, mojawapo ya saitokini kuu, ziliongezeka kadiri wiki zilivyopita, na BCG ya mapema ilipunguza ongezeko hilo. Kiasi cha saitokini kilichotolewa na seli zao hakikutofautiana waziwazi kati ya makundi. Yaani watoto waliugua kidogo, lakini si kwa njia iliyotarajiwa. Mtoto mchanga si mtu mzima mdogo, na uboho wake uko katika ukuaji wa haraka.

Suala la tarehe ya chanjo lina uzito wa kipekee vijijini. BCG huja kama unga katika chupa yenye dozi nyingi, kwa kawaida 20. Ikishachanganywa na maji yake hutakiwa kutumika ndani ya saa 6, na kinachobaki humwagwa. Muuguzi wa zahanati ndogo akiwa na mtoto mmoja tu mbele yake hukabiliwa na uamuzi mgumu: afungue chupa na kumwaga dozi 19, au amwambie mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto achanjwe mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Katika wilaya ya Igunga, ambako Wanyamwezi, Wasukuma na Wataturu huishi katika kaya zilizotawanyika na baadhi yao huhama na ng'ombe wao, mama aliyejifungulia nyumbani anaweza kuhitaji safari ndefu, na akirudishwa huenda asije tena kwa wiki kadhaa. Mpango wa Taifa wa Chanjo nchini Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1975, hutoa BCG kwa lengo la kuzuia kifua kikuu kikali cha utotoni, hasa kile cha ubongo. Kwa lengo hilo kuchelewa wiki 4 si hasara kubwa. Lakini kama matokeo ya Entebbe na Bissau ni sahihi, wiki hizo 4 ndizo zenye faida nyingine yote, kwa kuwa ndizo ambazo wachanga hufa zaidi. Kwa hesabu hiyo dozi 19 zilizomwagwa si ghali sana.

BCG ni chanjo ya bakteria hai. Haitolewi kwa mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga.

Chakula na mchochota: utafiti wa Kilimanjaro

Kwa kuwa seli hukumbuka kwa kutumia umetaboli, ni jambo la kawaida kuuliza kama chakula cha mtu mwenyewe kinaingia katika kumbukumbu hiyo. Katika panya jibu ni ndiyo. Mwaka 2018 kundi la Ujerumani lilionyesha kwamba panya waliolishwa mlo wa mafuta na sukari nyingi kwa wiki 4 walibaki na seli za uboho zilizofunzwa hata baada ya kurudishiwa chakula chao cha kawaida na mchochota wa damu kutulia.

Kwa binadamu utafiti ulio karibu zaidi na swali hilo umefanyika Tanzania, kwa ushirikiano wa KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud. Mwaka 2021 Godfrey Temba, Quirijn de Mast na wenzao walilinganisha watu 323 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliokaa mjini walikuwa na mfumo wa kinga uliochangamka kupita wale wa vijijini, na damu ya watu wa vijijini ilikuwa na zaidi ya vitu vitokanavyo na mimea, kama apijenini, vinavyotuliza mchochota.

Mwaka 2025 timu hiyohiyo ilichapisha jaribio la wanaume vijana 77. Wanavijiji walibadilishiwa mlo kwa wiki 2: badala ya ndizi, kunde, mboga za majani na nafaka za asili walipewa mikate myeupe, soseji na chipsi. Watu wa mjini walifanyiwa kinyume chake. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya Wachaga itokanayo na ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki 1. Waliohamia chakula cha mjini walionyesha mchochota zaidi katika damu, na seli zao nyeupe zilipungua uwezo wa kujibu vijidudu. Waliohamia chakula cha kijijini, na wale wa mbege, walionyesha mchochota ukishuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki 4 baada ya jaribio kwisha.

Jaribio hilo lilipima mchochota na umetaboli. Halikupima alama za histoni katika uboho, kwa hiyo haliwezi kuitwa uthibitisho wa kinga iliyofunzwa. Mabadiliko yanayodumu baada ya chakula kuondolewa ndiyo yanayofanya lihusishwe na mada hii. Wala matokeo ya Kilimanjaro hayahamishiki moja kwa moja hadi Igunga, ambako chakula ni ugali wa mahindi, mtama au uwele zaidi kuliko ndizi. Vilevile uyoga wa misitu ya miombo, unaouzwa kwa wingi mkoani Tabora wakati wa mvua, una beta-glukani kama uyoga wote, lakini majaribio mengi ya ufunzaji yalitumia beta-glukani iliyosafishwa na kudungwa kwa panya, au kuwekwa juu ya seli. Kuila ni jambo jingine.

Madhara

Seli iliyo tayari kupigana wakati wote si baraka kila mahali. Kolesteroli mbaya iliyooksidishwa hufunza monositi kama BCG inavyofanya, na monositi hizo huingia katika kuta za mishipa ya damu na kuchochea ugumu wake. Sukari nyingi ya damu huacha alama zinazofanana. Hii ni njia mojawapo inayotumika kueleza kwa nini hatari ya moyo kwa mgonjwa wa kisukari haiondoki mara sukari inaposhuka.

Kuna pia hali iliyo kinyume, iitwayo ustahimilivu. Monositi zilizokutana na sumu nyingi ya bakteria hunyamaza badala ya kuwa kali. Huonekana kwa wagonjwa waliopona sumu ya damu, ambao huambukizwa kirahisi wiki zinazofuata. Mwaka 2016 ilionyeshwa maabarani kwamba beta-glukani inaweza kuzirudishia seli hizo sehemu ya uwezo wao. Vimelea vya malaria navyo vimeonekana kufunza monositi katika maabara, suala lenye umuhimu kwa Tanzania magharibi ambako malaria ni ya kudumu.

Katika tiba, BCG imetumika tangu mwaka 1976 kutibu saratani ya kibofu cha mkojo kwa kuingizwa moja kwa moja kibofuni, na inadhaniwa kwamba kinga iliyofunzwa inachangia kupona.

Mabishano

Si kila jaribio limeunga mkono. Nchini India BCG ya aina ya Kirusi haikupunguza vifo vya wachanga wenye uzito mdogo, ilhali ile ya Denmark ilivipunguza Guinea-Bissau. Aina za BCG zimetofautiana kijenetiki tangu zilipogawanywa kutoka Ufaransa, na baadhi ya watafiti wanaona hiyo ndiyo sababu.

Janga la UVIKO-19 lilileta mtihani mkubwa zaidi. Jaribio la BRACE liliwachanja BCG wafanyakazi wa afya wa Australia, Uholanzi, Hispania, Uingereza na Brazili. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2023, hayakuonyesha kwamba BCG ilipunguza hatari ya kuugua UVIKO-19 ndani ya miezi 6. Kwa upande mwingine, jaribio la Uholanzi la mwaka 2018 lilikuwa limeonyesha kwamba waliochanjwa BCG mwezi mmoja kabla ya chanjo ya homa ya manjano walikuwa na virusi vichache vya chanjo hiyo katika damu. Virusi viwili, majibu mawili. Washiriki wa BRACE walikuwa watu wazima, wa Guinea-Bissau na Uganda walikuwa wachanga, na majaribio ya kulinganisha umri, aina ya BCG na kijidudu kwa pamoja ni machache.